Msitu Unaokunywa Mawingu

Wasomaji wetu wakaao karibu na milima wameliona jambo hili mara nyingi. Asubuhi mawingu hushuka yakafunika miti, na ingawa mvua hainyeshi, matone hudondoka kutoka majanini hata ardhi iliyo chini ya miti ikalowa. Lakini ukitoka msituni ukasimama mahali palipokwisha kufyekwa, waona udongo ni mkavu. Je, maji yale yametoka wapi? Hayakunyesha. Miti yenyewe imeyakamata katika ukungu uliokuwa ukipita.

Misitu ya namna hii huitwa misitu ya mawingu, nayo si mingi duniani. Hapa Kenya iko katika vilima vya Taita, na pia Marsabit, ambako mlima wa kijani umesimama katikati ya nchi kavu. Leo twataka kuwaeleza habari za msitu mmoja wa mawingu ulio mbali sana na kwetu, katika nchi ya Costa Rica iliyoko Amerika ya Kati, baina ya Nikaragua na Panama. Mahali penyewe panaitwa Monteverde, na maana ya jina hilo kwa Kihispania ni mlima wa kijani.

Kila mwaka maelfu ya wageni hutoka nchi nyingi kwenda kutazama ndege, wanyama na maua ya Monteverde, na wenyeji wengi hupata riziki yao kwa kazi ya kuwapokea. Lakini watu walioutenga msitu huo hapo kwanza hawakuwafikiria wageni hata kidogo. Walikuwa wafugaji wa ng'ombe, na kitu walichokitaka ni maji. Jambo hilo lafaa kufahamiwa vema, maana lina mafundisho kwa kila mtu aishiye chini ya mlima wenye miti.

WATU WALIOKATAA KUSHIKA BUNDUKI

Mwaka 1948 serikali ya Marekani ilitoa sheria kwamba vijana wajiandikishe ili waweze kuitwa jeshini. Katika mji wa Fairhope, jimbo la Alabama, walikuwako watu wa dhehebu la Kikristo la Marafiki, ambao pia huitwa Quaker. Dini yao huwakataza kupigana vita. Vijana wanne wa Fairhope walikataa kujiandikisha, na mwaka 1949 wakahukumiwa kifungo gerezani.

Wasomaji wa nchi ya Waluhya wanawajua Marafiki vizuri, kwani wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Basi wale wa Fairhope walishauriana, wakaona ni heri watafute nchi nyingine ambamo wangeweza kuishi bila kuudhiwa katika imani yao. Waliichagua Costa Rica, kwa sababu nchi hiyo ilikuwa imelivunja jeshi lake mwaka 1948, na hata leo haina jeshi.

Familia kumi na moja hivi, jumla ya watu wapatao 44, zilihama. Mwaka 1951 walinunua karibu ekari 3,400 za ardhi juu ya milima ya Tilarán, mahali penye baridi na mvua nyingi. Hawakuwa watu wa kwanza kufika huko. Wakulima wa Costa Rica walikwisha kupanda mlima huo zamani, wakafyeka mashamba na kujenga nyumba, na hao ndio waliokuwa majirani na walimu wa wale wageni katika mambo mengi.

Barabara ilikuwa ya matope. Maziwa yangechacha kabla hayajafika mjini. Kwa hiyo baada ya miaka michache walianzisha kiwanda cha jibini, kwani jibini hudumu siku nyingi na laweza kuchukuliwa mbali. Wakulima jirani nao wakapata mahali pa kuuzia maziwa yao, na kwa muda wa miaka mingi jibini ndilo lililokuwa tegemeo la mlima ule.

EKARI ZILIZOACHWA KWA AJILI YA MAJI

Walipoigawa ardhi yao kwa ajili ya mashamba, walifanya jambo moja lililokuja kuwa kubwa kuliko walivyodhani. Sehemu ya juu kabisa ya mlima, karibu ekari 1,370, yaani zaidi ya theluthi moja ya ardhi yote waliyoinunua, hawakumgawia mtu. Waliona kwamba vijito vyote vya maji ya nyumbani na ya ng'ombe vilianzia huko juu, na kwamba msitu ukikatwa vijito navyo vitapungua. Wakakubaliana kwamba huko asikate mtu.

Hawakuwa na haja ya vitabu vya sayansi ili kuamua hivyo, lakini sayansi imethibitisha kwamba walifikiri sawasawa. Upepo wa sehemu hizo huvuma kutoka bahari ya Karibi, nao umejaa mvuke. Ufikapo milimani hauna pa kupita ila kupanda juu. Hewa ikipanda hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kuchukua mvuke mwingi kama hewa ya joto. Kama vile mvuke wa chungu ugeukavyo maji kwenye kifuniko, ndivyo mvuke wa upepo ugeukavyo matone madogo sana, nayo ndiyo mawingu. Mawingu hayo hayapiti juu ya msitu, bali hupita katikati yake.

Sasa tazama jinsi miti ilivyojitayarisha kuyapokea. Kila tawi limefunikwa na majani madogo laini kama zulia, na juu ya zulia hilo huota kangaga, okidi na mimea mingine ambayo mizizi yake haigusi ardhi kamwe. Mimea hii yote huukamata ukungu kama wavu ukamatavyo dagaa, ikashiba maji, kisha ikayaachilia polepole, tone kwa tone. Mvua ya Monteverde ni karibu inchi 100 kwa mwaka, na maji haya ya ukungu ni nyongeza juu ya mvua hiyo. Zaidi ya hayo, hupatikana hata wakati wa kiangazi, ambapo mashamba ya chini hayapati tone. Ukiikata miti, ukungu utaendelea kupita, lakini hapatakuwa na kitu cha kuukamata.

JINSI MSITU ULIVYOPATA WALINZI

Miaka ishirini hivi ilipita. Walowezi na wakulima wengine waliendelea kufyeka pande nyingine za mlima, na msitu ukawa unapungua kila upande. Ndipo alipofika Bwana George Powell, mwanafunzi wa elimu ya ndege kutoka Marekani, pamoja na mkewe. Waliona kwamba viumbe wengi wa mlima ule wangetoweka upesi. Walishirikiana na Bwana Wilford Guindon, mmoja wa Marafiki waliofika mwaka 1951, ambaye mwenyewe alikuwa amefyeka msitu mwingi kwa ajili ya malisho. Mtu huyu alizijua njia zote za mlimani, na baada ya kubadili nia yake akawa mlinzi wa msitu kwa miaka mingi.

Mwaka 1972 hifadhi ilianzishwa kwa ekari zipatazo 810, chini ya chama cha wataalamu wa Costa Rica kiitwacho Centro Científico Tropical. Baadaye Marafiki nao wakaukodisha kwa chama hicho ule msitu wao wa maji, ili ulindwe pamoja na hifadhi. Leo hifadhi hiyo ina ekari kama elfu kumi.

Watoto nao walitia mkono. Mwaka 1987 watoto wa shule moja ndogo ya shamba huko Uswidi walisikia habari za misitu inayokatwa. Walikusanya fedha kwa michezo na kwa kuuza vitu walivyotengeneza, wakazipeleka Monteverde ili zinunue ardhi ya msitu. Habari zikaenea, na watoto wa nchi zaidi ya arobaini wakafanya vivyo hivyo. Matokeo yake ni hifadhi iitwayo Msitu wa Milele wa Watoto, ambayo leo ina zaidi ya ekari 50,000, na ndiyo hifadhi kubwa kuliko zote zisizo za serikali katika Costa Rica.

SAFARI YA MGENI

Mgeni aondokaye San José, mji mkuu, husafiri kwa basi saa nne hivi. Kwanza hufuata barabara kuu ya nchi za tambarare, penye joto na malisho ya ng'ombe. Kisha gari huanza kupanda, kona baada ya kona. Kwa miaka mingi sehemu hii ya mwisho ilikuwa ya mawe na vumbi, na wakati wa mvua ilikuwa matope matupu. Wenyeji wengine hawakuhuzunika sana kwa ubovu wake, maana walihofu kwamba barabara nzuri ingeleta watu wengi kuliko mlima uwezavyo kuwachukua.

Huko juu mgeni hufika kwanza Santa Elena, mji mdogo wenye maduka, benki na nyumba za wageni. Maili chache mbele iko Monteverde yenyewe, ambayo si mji hasa, bali ni nyumba na mashamba yaliyotawanyika kando ya barabara. Iko shule ya Marafiki iliyoanzishwa mwaka 1951, na nyumba yao ya ibada, ambamo watu hukaa kimya wakimngojea Mungu. Mwisho wa barabara ndio lango la hifadhi.

Hifadhi huruhusu idadi maalum tu ya watu kuwa ndani kwa wakati mmoja. Afadhali mgeni aende na mwongozaji wa hapo, kwani mtu asiyezoea aweza kutembea saa nzima asione kitu ila majani. Mwongozaji husimama, husikiliza, hutega darubini yake, kisha humwonyesha mgeni ndege ambaye alikuwa juu ya kichwa chake muda wote. Mvua na ukungu haviishi, na lazima mtu achukue koti.

Mgeni kutoka kwetu ataona vitu vingi vigeni, lakini kimoja atakitambua mara moja. Ni mti wa jamii ya mkuyu na mugumo. Mbegu yake huletwa na ndege juu ya tawi la mti mwingine. Mizizi hushuka mpaka ardhini, ikauzunguka mti ule na kuukaza, hata miaka mingi baadaye mti wa ndani ukafa na kuoza. Unaobaki ni mugumo mtupu, wenye uwazi katikati kama bomba.

Juu ya ukingo wa mlima, mahali penye upepo mkali, miti ni mifupi na imejikunja. Hapo ndipo maji hugawanyika. Tone liangukalo upande huu litakwenda bahari ya Pasifiki, na tone liangukalo hatua chache upande wa pili litakwenda bahari ya Karibi.

NDEGE WA MKIA MREFU NA VIUMBE WENGINE

Katika nchi za Monteverde zimehesabiwa aina zaidi ya 400 za ndege, aina kama 100 za wanyama wanyonyeshao, na aina zipatazo 2,500 za mimea. Wako kima weusi ambao ngurumo yao husikika mbali alfajiri, na kima wadogo wenye nyuso nyeupe. Yuko mnyama mmoja mwenye mwendo wa polepole mno, aningʼiniaye matawini kwa kucha zake kichwa chini, na ambaye hula, hulala na kuzaa akiwa hivyo hivyo. Chui wa Amerika na yule mnyama mkubwa mwenye pua kama mkonga mfupi, aitwaye tapiri, nao wako, lakini ni wageni wachache waliobahatika kuwaona.

Wako pia ndege wadogo kabisa ambao mabawa yao hupiga upesi hata hayaonekani, ila huvuma kama ya nyuki. Kama chozi wetu, hunywa maji matamu ya maua, lakini wao huweza kusimama hewani mbele ya ua kwa muda, hata kurudi kinyumenyume.

Lakini ndege ambaye kwa ajili yake watu huvuka bahari ni quetzal. Mgongo wake ni wa kijani king'aacho, kifua chake ni chekundu, na manyoya ya mkia wa dume huning'inia futi mbili na zaidi. Chakula chake kikubwa ni matunda ya miti ya jamii ya parachichi, ila ni madogo. Humeza tunda zima, kisha hutapika kokwa mahali pengine. Kwa hiyo ndege hula mti na pia huupanda.

Bwana Powell na wenzake waliwafunga ndege hawa vyombo vidogo vya redio ili wajue waendako. Wakagundua kwamba quetzal huzaa huko juu kuanzia mwezi wa Februari au Machi mpaka katikati ya mwaka, kisha hushuka katika misitu ya chini kufuata matunda, kwanza upande mmoja wa mlima na baadaye upande wa pili. Maana yake ni kwamba hifadhi ya juu peke yake haimtoshi. Mtu aweza kulinda kiota chake barabara, na ndege akafa kwa njaa katika bonde lililofyekwa.

Kwa sababu hiyo wakulima wa mabondeni wakaingia katika shughuli hii. Kuanzia miaka ya 1980 walisaidiwa kupanda mistari ya miti katika malisho yao. Miti hiyo iliwakinga ng'ombe na majani na ule upepo mkali wa mlimani, na hiyo ndiyo faida aliyoitaka mkulima. Lakini ndege nao waliitumia kama njia ya kupita kutoka kipande kimoja cha msitu mpaka kingine, wakiangusha mbegu humo. Hakuna aliyelazimishwa, na kila upande ulipata chake.

FAIDA ZA WENYEJI

Mwaka 1974 wageni walioingia katika hifadhi hawakufika 500. Katika miaka ya 1990 walikuwa karibu 50,000 kwa mwaka. Vijana waliokuwa na maarifa ya msitu kwa sababu ya kuzaliwa humo walijifunza Kiingereza na majina ya ndege, wakawa waongozaji. Wengine walifungua nyumba za wageni, au wakauza chakula, kahawa na maziwa. Mwaka 1982 kina mama walianzisha chama chao cha ushirika cha kazi za mikono, wakawa na duka lao la kuuzia nguo walizodarizi na vitu walivyochora.

Watu wa Santa Elena walifanya jambo jingine la kusifiwa. Mwaka 1992 walifungua hifadhi yao wenyewe ya ekari zaidi ya 700, ambayo husimamiwa na shule ya sekondari ya mji huo. Kiingilio alipacho mgeni husaidia shule, na wanafunzi hujifunza humo elimu ya viumbe na kazi ya kupokea wageni. Kwa njia hii mzazi ambaye hajapata kumwona quetzal anajua kwamba ndege yule anamlipia mtoto wake vitabu.

Hata hivyo si haki kusema faida tu. Bei ya ardhi imepanda, hata kijana wa hapo huona taabu kununua kiwanja. Wageni hutumia maji mengi na huacha taka. Na mwaka 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipofunga mipaka ya dunia, wageni walikoma ghafula, na nyumba zilizotegemea kazi hiyo peke yake zilipata shida. Wenye shamba la mboga au ng'ombe wawili walishukuru kwamba hawakuviacha.

CHURA WA DHAHABU

Sasa twafika penye habari ya huzuni. Juu ya Monteverde, katika eneo la maili chache tu, aliishi chura ambaye hakupatikana mahali pengine popote duniani. Dume lake lilikuwa na rangi ya machungwa iliyong'aa, hata watu wakamwita chura wa dhahabu. Wataalamu walimwandika katika vitabu vyao katika miaka ya 1960. Karibu mwaka mzima vyura hao walijificha ardhini. Mvua za kwanza zilipoanza walitoka kwa siku chache, wakakusanyika katika vidimbwi vilivyo kwenye mizizi ya miti ili wazae, kisha wakatoweka tena.

Mwaka 1987 walionekana zaidi ya 1,500. Mwaka 1988 walionekana wapatao kumi. Tarehe 15 Mei, 1989, alionekana dume mmoja, peke yake. Tangu siku ile hakuna mtaalamu aliyethibitisha kumwona mwingine, na mwaka 2004 ilitangazwa kwamba aina hiyo imekwisha duniani. Aina nyingine kadha wa kadha za vyura wa mlima ule nazo zilipotea katika miaka ile ile, ingawa chache zimeonekana tena.

Jambo la kushangaza ni kwamba hakuna aliyemwua chura huyu. Msitu wake haukukatwa, na walinzi walikuwako. Wataalamu wametaja hasa mambo mawili: ugonjwa wa kuvu ushikao ngozi ya vyura, ambao umewaua vyura katika nchi nyingi, na kiangazi kikali kisicho cha kawaida kilichoupata mlima katika miaka ya 1986 na 1987. Bado wanajadiliana jambo lipi lilitangulia na lipi lilikuwa na nguvu zaidi.

Mwaka 1999 wataalamu waliokuwa wakipima hali ya hewa ya Monteverde walitangaza jambo jingine. Waliona kwamba tangu katikati ya miaka ya 1970 siku zisizo na ukungu wakati wa kiangazi zimeongezeka. Walieleza kwamba bahari na hewa zikipata joto, mvuke hauna budi kupanda juu zaidi kabla haujapoa ukawa mawingu. Basi mawingu huinuka, na msitu ukabaki chini yake. Ndege wa nchi za joto wameanza kupanda. Yule ndege mwenye mdomo mkubwa wa rangi nyingi, afananaye na hondohondo wetu, sasa hujenga kiota jirani na quetzal, naye ni mwizi wa mayai na makinda. Ndege wa chini akipanda, wa juu ataenda wapi? Mlima una kilele, na baada ya kilele hakuna mahali pengine.

NA SISI JE?

Vilima vya Taita vyafanana na Monteverde kwa mambo mengi. Upepo wa bahari ya Hindi hupita juu ya nyika kavu, ukafika vilimani na kupanda, nao ukungu huilowesha miti ya Ngangao, Mbololo na Chawia. Vijito vya mashamba ya Wataita huanzia huko. Wako ndege wadogo wasiopatikana mahali pengine duniani ila katika vilima hivyo, na Mbololo lipo ua dogo la zambarau ambalo ni lake peke yake. Lakini misitu hiyo imebaki vipande vipande, na baina ya kipande na kipande ni mashamba na makazi ya watu.

Mwenye shamba dogo hawezi kuambiwa aache kulima kwa sababu ya ndege. Wala wale wafugaji wa Monteverde hawakuacha kulima. Walichofanya ni kujua mahali maji yanapoanzia na kupaacha, kisha kupanda miti kati ya mashamba yao mahali ilipowafaa wao wenyewe. Serikali ya Costa Rica nayo ilifuata njia hiyo baadaye: tangu sheria ya mwaka 1996 nchi hiyo imepiga marufuku kugeuza msitu kuwa shamba, na hulipa wenye ardhi wanaotunza miti yao, kwa fedha ambazo sehemu yake ni ushuru wa petroli. Nchi ambayo misitu yake ilikuwa imepungua sana katika miaka ya 1980, leo zaidi ya nusu yake imefunikwa na miti tena.

Wazee husema akiba haiozi. Ekari 1,370 zilizoachwa mwaka 1951 zilikuwa akiba ya maji. Zimeleta maji, kisha zikaleta ndege, wageni na karo ya shule, vitu ambavyo hakuna aliyevihesabu siku ile. Lakini yule chura wa dhahabu alikuwa ndani ya akiba hiyo hiyo, chini ya ulinzi, naye hayuko tena. Kuzungushia msitu mpaka ni kazi ya kijiji, na kijiji kile kiliifanya vizuri. Kuyazuia mawingu yasiinuke ni kazi ya mataifa yote, hasa yale yachomayo mafuta na makaa mengi, na kazi hiyo bado haijafanywa ipasavyo.

Mtu aendaye mlimani kesho asubuhi, akaona matone yakidondoka bila mvua, na asimame kidogo ayatazame. Maji hayo ndiyo atakayoyateka mkewe au bintiye kijitoni jioni.